BIOS za konsoli na emuleta: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Emuleta ni haramu." Dhana hii imeenea sana, na mahakama ilishaijibu. Emuleta ni programu inayoiga konsoli ya michezo kwenye kifaa kingine; BIOS ni programu ya msingi iliyo ndani ya konsoli, inayoiwasha. Mwaka 1999 kampuni ya Connectix ilitoa Virtual Game Station, programu iliyocheza michezo ya PlayStation kwenye kompyuta ya Macintosh. Sony ikashitaki. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa, Marekani, iliamua kuwa Connectix haikuvunja sheria iliponakili BIOS ya Sony ili kuichunguza, maana bidhaa iliyouzwa haikuwa na BIOS hiyo ndani. Wahandisi waliandika ya kwao. Kuiga utendaji wa mashine kunaruhusiwa. Kugawa faili la kampuni iliyotengeneza mashine ni suala jingine kabisa.

"Konsoli haiuzwi tena, basi BIOS yake ni ya wote." Si kweli. PlayStation ya kwanza ilitoka 1994, na sheria ya Marekani hulinda kazi ya kampuni kwa miaka 95 tangu ichapishwe. Ile habari kwamba unaruhusiwa kupakua faili mradi ulifute ndani ya saa 24 nayo haina msingi wowote wa kisheria.

"Nina konsoli, kwa hiyo naweza kuchukua BIOS popote." Hapa ndipo wengi wenye nia njema wanapoteleza, na inauma kwa sababu njia safi wanayo mkononi. Aliyepandisha faili lile mtandaoni hakuwa na ruhusa ya kuligawa, na umiliki wako wa konsoli haumpi ruhusa hiyo. Toa nakala kwenye mashine yako mwenyewe. Kwa PlayStation 2 iliyowezeshwa kuendesha programu za nje, kuna programu iitwayo biosdrain: unaiweka kwenye flashi, unaiendesha kwenye konsoli, nayo inaandika nakala kwenye flashi hiyohiyo. Kisha tazama ukubwa. BIOS ya PlayStation 2 ni MB 4. Ya PlayStation ya kwanza ni baiti 524,288 kamili. Ikipungua hata baiti moja, nakala ina kasoro, rudia. Nakala za matumizi binafsi hazitazamwi sawa kila nchi, hivyo soma sheria ya kwenu kwanza.

"Kila emuleta inadai BIOS." Emuleta za konsoli za zamani kama NES, SNES na Mega Drive kwa kawaida hazihitaji. Game Boy Advance ina BIOS ya KB 16, lakini emuleta yake iitwayo mGBA inakuja na mbadala wake. PCSX2, emuleta ya PlayStation 2, haina mbadala: bila BIOS haiwashi mchezo.

"Faili za mfumo hazipatikani kihalali mtandaoni." Kwa PlayStation 3 zinapatikana. Sony yenyewe huweka faili la sasisho, PS3UPDAT.PUP, kwenye tovuti yake, na ndilo RPCS3, emuleta ya PlayStation 3, inaloomba ulisakinishe. Lichukue hapo hapo kwa Sony; kwingine huna uhakika kama limeguswa.