Je, wajua kwa nini ukiiambia ramani "kushoto", jina hukaa kulia?

Anayechora ramani kwa kuandika amri, badala ya kuburuta vitu kwa kipanya, hukutana mapema na jambo linalofanana na ukaidi wa kompyuta. Huandika herufi L, ambayo mwongozo unasema ni ya kushoto, na jina la mji likajichora kulia kwa nukta yake. Huandika R, ya kulia, na jina likaenda kushoto. Nilidhani kwa muda mrefu kwamba programu ina kasoro, kisha nikadhani kasoro ni yangu, na katika kuitafuta nikauhamisha mji wa Lamu.

Programu yenyewe huitwa GMT, kifupi cha Generic Mapping Tools. Ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na Paul Wessel na Walter Smith, walipokuwa wanafunzi katika kituo cha utafiti cha Lamont jimboni New York. Hutolewa bure, hutumiwa sana na wanajiolojia na wataalamu wa bahari, na toleo lake la 6 lilitoka mwaka 2019. Haina vitufe vya kubonyeza. Amri ya kuandika majina ni `text`, zamani `pstext`, nayo hulishwa faili ambalo kila mstari wake una longitudo, latitudo na jina. Mstari wangu wa kwanza ulikuwa huu:

`40.90 -2.27 Lamu`

Amri ilikuwa hii:

`gmt text majina.txt -F+f10p+jLM`

Hapo `f10p` ni ukubwa wa herufi, yaani pointi 10, na pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi. `LM` ndiyo iliyonisumbua: L ni kushoto, M ni katikati kwa kimo.

Nilikuwa nikimchorea ami yangu, nahodha mstaafu, ramani ya visiwa vyetu ya kubandika ukutani, kuanzia longitudo 40.7 hadi 41.3, yenye upana wa sentimita 10. Mji wa Lamu uko ukingoni mwa kisiwa upande wa mashariki, ukitazamana na kisiwa cha Manda ng'ambo ya mkondo mwembamba. Nilitaka jina likae magharibi ya nukta, juu ya nchi kavu ya kisiwa chenyewe, kwa hiyo nikaandika L kwa moyo mkunjufu. Ami aliitazama karatasi, akavua miwani, akauliza: "Mwanangu, Amu imehamia Manda tangu lini?" (Amu ndilo jina ambalo wenyewe hulitumia.) Alikuwa na haki, kwani nukta ilikuwa mahali pake lakini neno zima lilikuwa limelala juu ya Manda.

Nilianza kwa kushuku kwamba nimegeuza tarakimu. GMT hutaka longitudo kwanza, na wengi wetu tumezoea kutaja latitudo kwanza. Lakini kosa hilo lina dalili yake: ukizigeuza, Lamu inahamia Hispania, bara kabisa, mashariki ya Madrid, na kwa kuwa mahali hapo ni nje ya mipaka ya ramani, jina halionekani popote. Langu lilionekana vizuri sana. Basi nikafanya jambo ambalo leo naona aibu kulisimulia: nikapunguza nyuzi 0.05 kwenye longitudo ili kulivuta jina magharibi. Nyuzi 0.05 karibu na ikweta ni kama kilomita tano na nusu. Kwa kuwa nukta nazo zilichorwa kutoka faili lilelile, jina lilisogea na nukta ikasogea nalo, na mji wenye gati na ngome ukajikuta upande wa kijiji cha Matondoni, magharibi ya kisiwa. Sikuwa nimeondoa kosa la mwandiko; nilikuwa nimetia kosa la jiografia.

Maana halisi ni kwamba herufi zinazofuata `j` hutaja sehemu ya jina, na sehemu hiyo ndiyo inayogandishwa kwenye nukta. L ni ncha ya kushoto ya neno, mahali L ya "Lamu" inapoanzia. Ncha hiyo ikishikizwa kwenye nukta, mwili wote wa neno hauna pa kwenda isipokuwa kulia.

Fikiria unatembea na mtoto, nyote mkitazama mbele, nawe umemshika mkono wake wa kushoto. Mtoto yuko kuliani kwako. Akikuuliza mtu umemshika mkono upi, utajibu "wa kushoto". Akikuuliza yuko upande gani, utajibu "kulia". Majibu yote mawili ni ya kweli, na hakuna anayeona ajabu. GMT huuliza swali la kwanza, nami nilikuwa nikijibu la pili.

Au chukua jahazi linalofungwa kwenye nguzo. Ukilifunga kwa omo, tezi ndiyo itakayokuwa mbali na nguzo, na ukilifunga kwa tezi, omo ndiyo itakayoelea huko. Nahodha anayesema "funga kwa omo" anataja mahali pa kamba, na mwili wa chombo unajipanga wenyewe ng'ambo ya pili. Mfano huu una upungufu, kwa sababu jahazi huzungushwa na upepo na maji ilhali neno kwenye ramani hubaki limenyooka, ila ukiliagiza liiname. Tena usipoandika herufi yoyote, GMT hutumia CM, yaani katikati kwa upana na katikati kwa kimo, ambayo kwa mfano wa jahazi ni chombo kilichopandishwa juu ya nguzo kikatobolewa nayo. Ndiyo maana ramani ya mwanafunzi wa siku ya kwanza huwa na nukta zilizofunikwa na majina.

Mtindo huu una mizizi katika uchapaji. GMT hutoa michoro yake kwa PostScript, lugha ya printa iliyotolewa na Adobe mwaka 1984, na amri ya msingi ya maandishi katika lugha hiyo huanza kuandika pale ilipo na kuendelea kulia. Kushikiza ncha ya kushoto ndiko kazi nyepesi kuliko zote: unaanza hapo hapo. Ukitaka katikati, ni lazima upana wa neno upimwe kwanza kisha kalamu irudishwe nyuma nusu ya upana huo. Ukitaka ncha ya kulia, irudishwe upana wote. Kwa kimo, B, ya chini, hushikiza mstari ambao herufi hukalia, kwa hiyo mikia ya p na g katika "Kipungani" huning'inia chini yake.

Si programu zote zilizochagua hivyo. Katika R, lugha ya kompyuta ya takwimu, ukiandika `pos=2` jina hukaa kushoto kwa nukta, kama mtu asiyejua angetarajia, ilhali `adj=0` hushikiza ncha ya kushoto kama GMT. Hata ndani ya GMT utadanganyika: ukiweka ufunguo wa alama kwa `-DjTR`, unakaa juu kulia kama ulivyosema. Kanuni haijavunjwa, maana hapo pembe ya juu kulia ya kisanduku imeshikizwa kwenye pembe ya juu kulia ya ramani, na kwa kuwa kisanduku kiko ndani, pande zimeafikiana.

Uzuri wa mambo uko hapa. Mchoraji ramani Mswisi Eduard Imhof, aliyeandika kuhusu upangaji wa majina mwaka 1962, alipendelea jina la mji likae juu kulia kwa nukta. Ili kulipata hilo katika GMT unaandika LB, yaani chini kushoto, kinyume mara mbili. Upendeleo wake, hata hivyo, ulitokana na uzoefu wa fundi kuliko vipimo vya wasomaji, tena fundi wa herufi za Kilatini; sioni kwa nini umfunge anayeandika Lamu kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia. Imhof alishauri pia miji ya pwani iandikwe majini, na ushauri huo ndio unaoshindwa hapa kwetu, kwa kuwa maji yaliyo mbele ya Lamu ni mkondo mwembamba na jina likivuka tu linatua Manda.

Nilipoweka RM, jina lilikwenda magharibi, lakini `-D0.15c/0` niliyokuwa nimeiongeza ili kuliachanisha na nukta ikalisukuma kulia, na herufi u ikapanda nukta. Dawa yake ni `-Dj`, ambayo huacha ile sehemu iliyoshikwa iamue upande wa kusogea. Hata hivyo, "Lamu" kwa pointi 10 lina upana wa karibu milimita 9, na kwenye ramani ile hizo ni kama kilomita 6, kwa hiyo L ikagota karibu na Matondoni. Amri ya `text` haikagui kama majina yamepandana. Kwa kuwa ukubwa wa herufi haufuati ukubwa wa ramani, nilibadilisha upana kutoka sentimita 10 kuwa 20 na neno likafunika nusu tu ya urefu wa nchi lililoufunika awali. Kisha nikaondoa `LM` baada ya `+j`, ili kila mstari wa faili ubebe herufi zake:

`40.90 -2.27 RM Lamu`
`40.91 -2.29 TL Shela`

"Shela" ikashuka kulia kuelekea bahari kuu, na "Lamu" ikalala kisiwani kwake. Ami aliipokea, akaikagua kwa kidole kuanzia Kiwayu, na swali lake lilikuwa moja tu: kwa nini sikuandika "Amu".