"Mpaka Machi" ni mpaka siku gani?

Dada mmoja, mhasibu wa kampuni ya utalii hapa Arusha, alikuwa anafunga hesabu za robo ya kwanza ya mwaka. Kwenye programu ya baruapepe ninayoitengeneza akatafuta barua kwa kuandika tarehe:januari..machi. Zikaja za Januari na Februari tu. Akanigeuzia skrini: "Mdogo wangu, nimesema mpaka Machi. Machi yenyewe iko wapi?"

Alikuwa na haki. Msimbo wangu uligeuza kila tarehe kuwa namba moja, sekunde zilizopita tangu Januari 1, 1970. "Machi" ikawa saa sita usiku wa kuamkia Machi 1, na utafutaji ukakomea hapo. Lakini anayeandika Machi anamaanisha siku zote 31. Sasa neno la kushoto nalisoma kuanzia mwanzo wake na la kulia mpaka linapoisha. Kwa hiyo jana..jana ni siku nzima ya jana, na 2023..2023 ni mwaka mzima. Ndani kwa ndani programu inatafuta kila kilichofika kabla Aprili 1 haijaingia, ila hilo halimhusu mtumiaji. Itifaki ya IMAP, yaani kanuni ambazo programu hutumia kuzungumza na seva ya barua, ina SINCE inayohesabu siku uliyoitaja na BEFORE isiyoihesabu. Sisi mafundi tumeizoea tofauti hiyo. Simtaki mhasibu aikariri.

Vitone viwili nimevichagua kwa sababu kistari tayari kimo ndani ya 2024-03-31. Mkwaju (/) nimeukataa kabisa: 03/04/2024 kwetu ni Aprili 3, kwa mgeni kutoka Marekani ni Machi 4. Heri programu iulize kuliko kubahatisha.

Kilichonisumbua zaidi ni saa. Mgeni wa California akituma barua Machi 31 saa kumi na moja na nusu jioni ya kwao, hapa Arusha ni saa tisa na nusu usiku, Aprili 1 imeshaingia. Iwekwe mwezi gani? Nimefuata saa ya anayetafuta, maana ndiyo tarehe anayoiona kwenye orodha yake. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya dunia inayotumika kama kipimo, mwaka mzima; wao husogeza saa zao, hivyo lazima nisome -0700 au -0800 (saa saba au nane nyuma ya UTC) iliyoandikwa kwenye barua yenyewe.

Nilipomweleza yule dada, alifikiri kidogo, akaandika januari..2024-04-01. Malipo ya mgeni wake yalikuwa mstari wa juu kabisa.