Maneno ya Kiingereza hujifunzwa pamoja na wenzake

Mwanafunzi anayeandika "I did a mistake" hajavunja kanuni yoyote ya sarufi. Kiima kipo mahali pake, kitenzi kiko katika wakati uliopita, nomino imetanguliwa na kibainishi chake. Hata hivyo Mwingereza yeyote akiisoma sentensi hiyo atajua mara moja kwamba mwandishi ni mgeni wa lugha, kwa kuwa kwa Kiingereza husemwa "make a mistake". Ukimuuliza kwa nini iwe "make" na isiwe "do", hatakuwa na maelezo. Atakwambia tu ndivyo inavyosemwa.

Jibu lake ni la kweli, nalo linahusu sehemu ya lugha ambayo madarasa yetu mengi huipita haraka mno. Tunafundisha nyakati za vitenzi, umoja na wingi, kisha tunampa mwanafunzi orodha ya msamiati: neno la Kiingereza upande huu, maana yake upande ule. Kinachoachwa ni neno gani huandamana na lipi. Wanaisimu huita maandamano hayo kolokesheni, na kwa maoni yangu ndiyo yanayomtofautisha anayekijua Kiingereza na anayekitafsiri kichwani huku akizungumza.

Sisi wenyewe tunayo tele. Simu hupigwa, na pasi, picha, kura, mswaki, hodi na magoti hupigwa vilevile. Kiapo huliwa, njama huliwa. Tiketi hukatwa, rufaa hukatwa, kiu nayo hukatwa. Mgeni anayejifunza Kiswahili akisema "nimefanya mswaki" tutamwelewa na bado tutamsahihisha, lakini akituuliza kwa nini mswaki upigwe, tutabaki kama yule Mwingereza.

Aliyeiweka hoja hii katikati ya isimu ni J. R. Firth, profesa wa kwanza wa isimu nchini Uingereza, aliyefundisha London katika chuo cha taaluma za Mashariki na Afrika. Mwaka 1957 aliandika kwamba neno hujulikana kwa wenzi wanaoandamana nalo. Mwanafunzi wake, M. A. K. Halliday, alitoa mfano ambao walimu wanautumia hadi leo: chai yenye majani mengi ni "strong tea", wala si "powerful tea", ilhali gari lenye injini ya nguvu ni "powerful car". Maneno hayo mawili yanakaribiana sana kwa maana, lakini kila moja lina marafiki zake. Baadaye, katika miaka ya 1980, John Sinclair na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham walikusanya mamilioni ya maneno ya Kiingereza halisi ndani ya kompyuta ili kuona watu husema nini hasa. Kamusi iliyotokana na kazi hiyo ilitoka mwaka 1987. Sinclair alihitimisha kwamba mtu anapozungumza hapangi neno mojamoja kila mara. Sehemu kubwa ya usemi wake ni mafungu ambayo tayari yameshikana.

Tuangalie sasa mahali Kiswahili kinapomtega mzungumzaji wake. Kitenzi "kufanya" hubeba mzigo ambao Kiingereza kimeugawa kwa vitenzi vingi. Kufanya kazi ya nyumbani aliyoitoa mwalimu ni "do homework", kufanya uamuzi ni "make a decision", kufanya mtihani ni "take an exam", kufanya mkutano ni "hold a meeting", kufanya sherehe ni "have a party", na kufanya biashara ni "do business". Husemwa kwamba "make" hutumika pale kitu kipya kinapotokea na "do" pale penye kazi ya kutekelezwa. Kanuni hiyo husaidia kiasi, kisha inakwama: kutandika kitanda ni "make the bed", ingawa hakuna kitanda kipya kilichoundwa. Simshauri mtu aitegemee. Namshauri ajifunze "make the bed" kama kitu kimoja, jinsi mtoto wa Kiingereza alivyolisikia fungu hilo kwa mama yake.

Kivumishi "-kali" nacho ni mtego. Kisu kikali ni "a sharp knife", lakini mbwa mkali ni "a fierce dog". Mwalimu mkali ni "a strict teacher", upepo mkali ni "a strong wind", maumivu makali ni "severe pain", na kona kali barabarani ni "a sharp bend". Mtu aliyekariri kwamba "sharp" maana yake ni "kali" ataandika "a sharp teacher", na Mwingereza atadhani anamsifu mwalimu huyo kwa akili zake nyepesi. Hapo kosa limepita ugeni wa lugha. Ujumbe wenyewe umepotoka.

Vivyo hivyo, dawa kwetu hunywewa, hata ikiwa ni vidonge, lakini kwa Kiingereza ni "take medicine". Njaa na baridi tunazisikia, nao hutumia "feel": "I feel hungry", "I feel cold". Mvua kubwa ni "heavy rain", na foleni kubwa ya magari ni "heavy traffic". Usingizi mzito kwa bahati unalingana: anayelala fofofo huitwa "a heavy sleeper". Kufaulu mtihani ni "pass an exam", wala si "succeed an exam", kosa ambalo hukutana nalo hata katika barua za kuomba kazi za watu waliosoma hadi chuo kikuu.

Pengine mahali panapohitaji uangalifu zaidi ni maneno ya salamu na adabu, maana hapo anayekosea huonekana hana adabu au hueleweka kinyume. Tunasema "karibu" kwa mgeni mlangoni, mezani na baada ya kushukuriwa. Kiingereza hutenganisha. Mlangoni ni "come in", kumkaribisha aketi ni "have a seat", kumkaribisha ajipakulie chakula ni "help yourself", na "you're welcome" huwa hasa jibu unalompa mtu aliyekwambia asante. Ukimwambia Mwingereza "you are welcome" huku ukimwonyesha sahani, anaweza kujiuliza ni lini alikushukuru.

"Pole" ina shida yake. Mtu akijikwaa sisi humpa pole, na wengi wetu huitafsiri kuwa "sorry". Mwingereza aliyejikwaa atakujibu "it's not your fault", kwa sababu amelisikia kama neno la kuomba radhi. Kwake ni afadhali "are you all right?" Kwa msiba, "I'm sorry for your loss" ni sahihi kabisa na ni ya heshima. Ama "pole na kazi", Kiingereza hakina fungu lake. Usihangaike kulitafuta, muulize mtu siku yake ilikuwaje.

Kuna pia "umepotea!", tunayomwambia rafiki tuliyekosa kuonana naye kwa muda. Afrika Mashariki "you are lost!" inaeleweka vizuri kati yetu. London itamfanya mwenzako aangalie ramani. Huko husema "I haven't seen you for ages" au "long time no see". Na "good night" husemwa wakati wa kuagana au kwenda kulala. Ukifika mahali saa mbili usiku, salamu ni "good evening".

Hapa nataka nieleweke vizuri. Kiingereza cha Afrika Mashariki kina mazoea yake, na si kila zoea ni kosa la kuonewa aibu. "Slowly by slowly", iliyozaliwa na polepole yetu, inasikika Nairobi, Kampala na Dar es Salaam na hakuna anayepotea. Ila mtu anayeandikia wasahihishaji wa mtihani wa kimataifa, au mwajiri aliye ng'ambo, anapaswa kujua kwamba huko fungu linalojulikana ni "little by little", au "slowly but surely" anapotaka kusema kwamba jambo linaenda taratibu lakini kwa uhakika. Ajue pia kwamba "discuss" haifuatwi na "about": ni "discuss the problem". Kujua fungu la pili hakukulazimishi kuliacha la kwanza mtaani kwenu.

Nimeziweka nahau nyuma kwa makusudi. Wanafunzi wengi huanza nazo kwa sababu zinavutia. Utamkuta mtu anajua "it's raining cats and dogs", nahau ambayo Waingereza wa leo huitumia kwa nadra, lakini hajui "heavy rain", inayosomwa kila siku katika utabiri wa hali ya hewa. Mvua ikinyesha sana, Mwingereza wa kawaida atasema "it's pouring". Mwalimu anayejaza ubao kwa nahau za kuchekesha kabla wanafunzi hawajaweza kusema "make a decision" anawachelewesha.

Nahau, tofauti na maandamano ya kawaida, maana yake haitoki katika maneno yaliyomo. "Kick the bucket" ni kufa, na hakuna ndoo wala teke. Haigeuzwi umbo pia: ukisema "the bucket was kicked", basi ni ndoo kweli imepigwa teke. Tena ni nahau ya mzaha. Kuiandika katika rambirambi ni kuitukana familia. Hapo husemwa "passed away". Kila nahau ina mahali pake pa kusemwa, na asiyejua mahali hapo ni heri atumie neno la kawaida.

Nyingine zina historia inayosaidia kuzikumbuka. "Red tape", yaani urasimu, ilitokana na utepe mwekundu uliofungia nyaraka za serikali na za kisheria. "Learn the ropes", kujifunza kazi mpya, ilitoka kwa mabaharia waliolazimika kuzijua kamba za jahazi la tanga. "The writing on the wall", dalili ya maangamizi yanayokuja, ni ule mkono ulioandika ukutani katika sura ya 5 ya kitabu cha Danieli. "Below the belt", kitendo kisicho cha haki, ni ngumi iliyotua chini ya mkanda, iliyopigwa marufuku ulingoni.

Nahau za hatari ni zile zinazofanana na zetu kwa maneno na kuachana kwa maana. Mwenye mkono mrefu kwetu ni mwizi. "The long arm of the law" ni mkono wa sheria unaomfikia mwizi huyo popote. Mwenye kichwa kigumu kwetu haelewi haraka, lakini "a hard-headed businesswoman" kwa Mwingereza ni mfanyabiashara mwanamke anayeamua kwa akili bila kuyumbishwa na hisia, na hiyo ni sifa. Mwenye macho makavu kwetu hana haya. "Dry-eyed" ni mtu ambaye hakulia. Aliyevunjika moyo kwetu amekata tamaa, wakati "broken-hearted" ni mwenye huzuni nzito, hasa ya mapenzi au ya kufiwa. Kwa kukata tamaa wao wana "lose heart". Mzee aliyekula chumvi nyingi tunamheshimu kwa umri wake; ukiitafsiri neno kwa neno, watamhurumia kwa shinikizo la damu.

Katika kujifunza, jambo la kwanza ni kuacha kuandika "mistake, kosa" kwenye daftari. Andika fungu zima ndani ya sentensi yako mwenyewe: "I made a mistake in the second question." Unapotafuta fungu, anza na nomino, kwa sababu nomino ndiyo unayoijua tayari. Unataka kuzungumzia uamuzi, hivyo fungua "decision" katika kamusi ya wanafunzi. Oxford, Cambridge na Longman wameziweka zao mtandaoni bila malipo, na mifano iliyo chini ya neno itakuonyesha vitenzi vyake. Utaona kuwa Waingereza husema pia "take a decision", ilhali Wamarekani hushikilia "make". Waingereza husema "have a bath", Wamarekani "take a bath". Kukalia mtihani, "sit an exam", ni kwa Kiingereza cha Uingereza, na ndicho mitihani yetu ilichorithi. Mmarekani atasema "take an exam". Chagua upande mmoja kwa maandishi rasmi, na kwa mwanafunzi wa sekondari wa hapa upande wa Uingereza ndio utakaomsumbua kidogo zaidi.