Ufanye mtihani wa FE ungali chuoni

Kwa mwanafunzi wa uhandisi nchini Marekani, safari ya leseni huanzia kwenye mtihani wa misingi ya uhandisi, maarufu kama FE. Huandaliwa na NCEES, baraza linalounganisha bodi za leseni za majimbo, na umelengwa kwa wahitimu wapya na wanafunzi wanaokaribia kumaliza shahada ya kwanza. Kwenu mlio mwaka wa mwisho tunasisitiza: ufanyeni kabla hamjaondoka chuoni. Sasa hivi milinganyo tofautishi, statiki na thamodinamiki bado viko kichwani. Ukishaajiriwa ukashughulika na aina moja ya kazi kwa miaka miwili, mengi yatakuwa yamekutoka.

Maswali ni 110 na muda wa kuyajibu ni saa 5 na dakika 20, yaani kila swali linapata pungufu kidogo ya dakika 3. Kujua somo peke yake hakutoshi, lazima uwe mwepesi.

Wepesi huo unajengwa kwa mwongozo wa fomula. Huruhusiwi kuingia na kitabu chochote. Mwongozo hufunguka kwenye skrini, kando ya swali. Mwongozo huohuo unapatikana bure kwenye tovuti ya NCEES. Upakue mapema, kisha kila zoezi ulifanye ukiwa umeufungua. Tazama jedwali la maumbo kwenye sehemu ya statiki. Mstatili wenye upana b na kimo h una fomula mbili za momenti ya inesha, yaani kipimo cha jinsi umbo linavyostahimili kupindwa: bh³/12 kwa mhimili unaopita katikati ya umbo, na bh³/3 kwa mhimili ulio kwenye kitako. Anayelikuta jedwali hilo kwa mara ya kwanza siku ya mtihani, huku saa inakimbia, ni rahisi achukue ya pili mahali pa ya kwanza. Jibu lake litakuwa kubwa mara nne, na huenda akalikuta limo kati ya machaguo, akalibofya kwa furaha.

Kikokotoo nacho si chochote tu. Ni baadhi ya modeli za Casio, HP na Texas Instruments zinazoruhusiwa, kwa hiyo nunua mojawapo sasa na uizoee darasani. Maadili ya taaluma na uchumi wa kihandisi msiyadharau. Ni alama zinazopatikana kwa kusoma kwa muda mfupi.

Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, basi usiache swali wazi. Hili ni muhimu zaidi kabla ya mapumziko ya dakika 25, kwani ukishawasilisha nusu ya kwanza huwezi kuirudia.

Mtihani hufanyika kwa kompyuta mwaka mzima, na matokeo hutoka baada ya siku 7 hadi 10. Asiyefaulu hupewa ripoti inayoonyesha alivyofanya katika kila mada. Anaruhusiwa kurudia hadi mara 3 ndani ya miezi 12, na ripoti hiyo ndiyo ratiba yake ya kusoma.