Kempu ni nini, na Batman wa 1997 alikosea wapi?

Katika filamu ya Batman ya 1966, shujaa wetu anakimbia huku na huko gatini, amebeba bomu ambalo utambi wake unawaka. Kila anapotaka kulitupa, pana viumbe: watawa, mama mwenye kigari cha mtoto, wapenzi ndani ya mashua, hata bata. Adam West anaigiza hayo yote kwa uso mkavu kabisa. Hiyo ndiyo kempu, au camp kwa Kiingereza.

Kiswahili kina mbwembwe, madoido, mikogo na vikolombwezo. Yote yanaikaribia, hakuna linaloifika. Kempu ni mbwembwe zilizopita kiasi, lakini mwenyewe amezishikilia kama kazi ya maana. Mwandishi wa Marekani Susan Sontag, katika insha yake ya 1964, alitofautisha kempu isiyojijua, ya mtu aliyedhamiria jambo zito likamponyoka, na kempu ya makusudi. Yeye aliipenda zaidi ile ya kwanza. Kwenye filamu za mashujaa, mimi naiheshimu ya pili, maana mtu anayejua kwamba anapita kiasi hana pa kujificha akichekwa.

Mwongozaji wa filamu Joel Schumacher alichekwa. Batman & Robin yake ya 1997 ilikuwa na taa za neoni kila kona, masanamu makubwa kupindukia, suti za mpira zenye chuchu, na Batman mwenye kadi yake ya benki. Mashabiki walichukia. Walikuwa wametaniwa miaka mingi kwa sababu ya tamthilia ya televisheni ya 1966 hadi 1968. Mwongozaji Tim Burton akaja 1989 na Batman wa gizani, wakapumua. Sasa utani ulikuwa umerudi. Batman hakupata filamu nyingine kubwa ya waigizaji, isiyo ya katuni, hadi 2005, alipokuja Christopher Nolan, na Schumacher mwenyewe aliomba radhi.

Baada ya miaka ya mashujaa walionuna, wengine wameirudia filamu ile kwa swali jingine: ilitaka kuwa nini? Schumacher aliwahi kuwa mbunifu wa mavazi, na ukiitazama kama onyesho la mavazi mengi yake yanakaa sawa. Uma Thurman, mhalifu wa kike wa filamu hiyo, anaingia karamuni ndani ya vazi la sokwe, kisha analivua polepole, kama mwigizaji Marlene Dietrich alivyofanya katika filamu ya 1932. Huyo anajua yuko wapi. George Clooney, ambaye ndiye Batman, anaigiza kana kwamba yuko kwenye filamu ya jirani.

Kuitathmini upya si kuifutia makosa. Kosa lake, kwangu, ni kusitasita. Alfred, mtumishi wa Batman, anapougua, tunaombwa tuhuzunike kwa dhati. Kwingineko Arnold Schwarzenegger, mhalifu mwingine, amevaa ndara za manyoya, anaongoza kwaya ya majambazi wake. Mimi nachagua kwaya.