Mafuta ya Turkana hayakutoka kwa dinosaria

Wengi tumekua tukiambiwa kuwa petroli ni mizoga ya dinosaria iliyooza ardhini. Sivyo. Chukua mafuta yaliyogunduliwa Lokichar, Turkana, nchini Kenya, mwaka 2012 katika kisima cha Ngamia-1. Dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, ilhali matope yaliyozaa mafuta hayo yalitua chini ya ziwa la kale mamilioni ya miaka baadaye.

Chanzo kikuu ni mwani. Ulikufa, ukazama kwenye tope lisilo na oksijeni, hivyo haukuoza wote. Matabaka yakarundikana juu yake, joto likapanda. Kati ya nyuzi 60 na 150 hivi za Selsiasi, mabaki yakageuka mafuta. Joto likizidi hapo, inabaki gesi.

Wala mafuta hayajakaa kama ziwa huko chini. Yamejibana katika vitundu vidogo vya mawe ya mchanga, yakizibwa juu na mwamba usiopenyeka. Ndiyo maana wanajiolojia hutuma mitetemo ardhini na kupima mwangwi wake kabla ya kuchimba, na bado visima vikavu, visivyo na mafuta, havikosi. Haya ya Turkana, kwanza, yana nta nyingi mno: yakipoa huganda, sharti yapashwe moto ndipo yatiririke.