Kwanza Kutolewa Misri, Kisha Sheria

Wengi wanaohudhuria mihadhara yetu ya maandiko ya Kiyahudi huja wakiamini kwamba Waisraeli walipewa sheria ili wakiishika waokolewe. Kitabu cha Kutoka hakisemi hivyo. Bahari wanaivuka sura ya 14; Sinai wanafika sura ya 19, mwezi wa 3, Farao hayupo tena. Amri Kumi zenyewe zinaanza na habari ya jambo lililokwisha kutendeka: “Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa.” Kwa Wayahudi, hiyo ndiyo amri ya kwanza. Na hadi leo wao huhesabu siku 49, jioni baada ya jioni, toka Pasaka, sikukuu ya kutoka Misri, hadi Shavuoti, sikukuu ya kupewa Torati.

Sura ya 21, inapoingia kwenye sheria za maisha ya kila siku, inaanza na nani? Mtumwa. Mwebrania aliyenunuliwa atatumika miaka 6, wa 7 aende zake bure. Kumbukumbu la Torati 15 inaongeza kwamba asiondoke mikono mitupu: apewe mifugo, nafaka na divai, maana hata huyo bwana wake alikuwa mtumwa Misri. Akikataa kuondoka, anasogezwa mlangoni na kutobolewa sikio kwa uma, yaani chuma chenye ncha kali. Mbona sikio? Rabi Yohanan ben Zakkai wa karne ya 1 alijibu kuwa ndilo lililosikia Sinai kwamba Waisraeli ni watumishi wa Mungu, kisha mwenyewe akaenda kujitafutia bwana mwingine.

Tusiipake sheria hii rangi, lakini. Mambo ya Walawi 25 inaruhusu watumwa wa mataifa mengine wamilikiwe daima na kurithishwa watoto. Hata hao Waebrania, haki yao haikulindwa. Yeremia 34 inasimulia jinsi mfalme Sedekia na wakuu wa Yerusalemu, majeshi ya Babeli yakiwa yamewazingira, walivyowaachia watumwa huru. Majeshi yaliporudi nyuma kidogo, wakawakamata tena. Nabii akawaambia Mungu naye anawatangazia uhuru wao: wa upanga, tauni na njaa.

Katika sinagogi, sura hiyo ya Yeremia ndiyo iliyopangwa kusomwa pamoja na Kutoka 21. Ikiisha, msomaji hurudi kwenye aya 2 za mwisho za sura ya 33, zenye ahadi ya rehema, ili somo lisiishie kwenye maangamizi.